Nani Amelala Nyuma ya Ukuta?

Hotuba kwa Waswahili wa Fort Worth, Texas, kuhusu kuchagua silaha ya kulinda nyumba

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Uvira na Bukavu, jambo yenu. Vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, sogeeni karibu, maana mazungumzo haya yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Tangu mlango wa familia moja ya hapa kwetu uvunjwe usiku, simu yangu haijatulia. Swali ni lile lile: "Kaka, nataka silaha ya kulinda nyumba. Ninunue ipi?" Wengine wananivuta pembeni baada ya ibada na kuninong'oneza kama wanaulizia dawa ya ugonjwa wa aibu. Hakuna aibu hapa. Mtu akisikia mlango wa jirani umevunjwa watoto wakiwa wamelala ndani, lazima ajiulize atafanya nini siku ikiwa zamu yake. Ndiyo maana nikaomba tukae tuliseme kwa sauti.

Niwaeleze msimamo wangu kwanza. Mimi nina bastola nyumbani. Nimefundisha watu kulenga shabaha hapa Texas kwa miaka 11. Sikuja kumkataza mtu. Ila najua pia kwamba wengi wenu mlifika nchi hii kwa kukimbia bunduki. Humu ndani yumo mama aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono, kwa sababu ya milio ya bunduki. Leo mama huyo anaingia dukani anakuta bunduki zimepangwa ukutani kama vitenge sokoni, na kijana wa kaunta anamwambia, "Hii ndogo ya pinki itakufaa, mama." Mtu aliyepitia aliyoyapitia yeye anastahili jibu bora kuliko hilo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "ipi", mimi nampa karatasi na kalamu. Namwambia achore nyumba yake. Nani analala wapi? Kitanda cha nani kiko nyuma ya ukuta upi?

Hili linatupita kwa sababu sisi tumekulia kwenye kuta za kweli. Kasulu, Goma, Kitui, ukuta ni tofali la kuchoma au bloku la simenti, dirisha lina nondo, mlango una komeo la chuma. Ukimpiga mtu jiwe sebuleni, aliye chumbani hapati kitu. Nyumba za hapa sivyo. Gongeni huo ukuta mlioegemea, mtasikia. Ni nguzo za mbao, jipsamu ya nusu inchi upande huu na nusu inchi upande ule, na katikati uwazi.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu uwanjani tukasimamisha fremu 3 za mbao, kila moja imepigiliwa jipsamu mbele na nyuma, yaani kuta 3 za ndani. Nyuma ya ile ya mwisho nikaning'iniza blanketi la mtoto. Nikapiga risasi moja ya bastola ya milimita 9. Ilipita jipsamu zote 6, ikapita na blanketi, ikazama kwenye tuta la udongo. Nikapiga shotgani ya geji 12 yenye marisau makubwa, yale ambayo ganda moja hubeba punje 8 au 9, kila punje ina unene wa milimita 8 na ushei. Nayo yakapita. Tukajaribu bunduki ndefu ya AR-15, ambayo risasi yake ni nyepesi na ina kasi kubwa mno, kiasi kwamba ikigonga ukuta huanza kupinduka na kukatika vipande. Hata hiyo ilifika kwenye blanketi. Mama mmoja alisogea, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa, akaingiza tena. Hakusema neno mpaka tunafunga mizigo.

Kuna muuzaji atakuambia ununue marisau madogo ya kuwindia ndege, eti hayapiti ukuta. Ni kweli hupoteza nguvu mapema. Lakini hupoteza nguvu mapema hata kwenye mwili wa aliyekuvamia, na mtu mwenye hasira na dawa za kulevya kichwani hatasimama kwa majeraha ya juu juu. Risasi yenye uwezo wa kumsimamisha mtu mzima itapita jipsamu. Basi ukichora nyumba yako, tafuta mahali pa kusimama ambapo nyuma ya mlango unaoutazama hakuna kitanda cha mtu, wako wala wa jirani. Ukikosa mahali hapo, na kwenye ghorofa za kupanga wengi mtakosa, basi umejua jambo kubwa kabla hujatoa hata senti.

Sasa niseme kuhusu silaha zenyewe.

Shotgani inasifiwa sana. Watu wanadhani huna haja ya kulenga, unafyatua tu na chumba kizima kinafagiwa. Si kweli. Marisau hutawanyika takriban inchi moja kwa kila yadi yanayosafiri. Kutoka kitandani hadi mlangoni, yote yatatua ndani ya eneo la kiganja. Usipolenga, umekosa. Tena inataka mikono miwili muda wote, na mwenzangu, usiku huo mkono mmoja utakuwa na simu au na mtoto. Geji 12 inapiga teke begani, mtu mwembamba akipiga mara moja hataki kurudia, na asiyefanya mazoezi hana silaha, ana chuma. Lakini kwa mzee na bibi wanaoishi peke yao nje ya mji, wajukuu hawapo, jirani yuko mbali, ningewapa geji 20, ambayo ni ndogo kuliko geji 12. Teke lake ni la kuvumilika. Na tafadhali, usiweke maisha yako rehani kwa ule mlio wa kuikoki, eti mwizi akiusikia atakimbia. Labda atakimbia. Labda naye ana ya kwake.

AR-15 sitaisemea sana. Ni rahisi kuilenga, teke lake ni dogo. Ndani ya chumba mlio wake ni balaa. Sikio huanza kuharibika mlio mmoja ukifika desibeli 140, na silaha karibu zote huvuka hapo, ila hii huvuka mbali zaidi. Kwa familia za kwenye maghorofa, mimi siishauri.

Tuje kwenye bastola, maana ndiyo wengi mtakayonunua. Ile ndogo ya pinki, iacheni kaunta. Bastola ikiwa nyepesi, teke lote linaishia kwenye kifundo cha mkono wako. Kishikio kikiwa kifupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani na silaha inazunguka mkononi. Wanawake wengi waliokuja kwangu wakisema "mimi siwezi kupiga" walikuwa wameuziwa kitu kama hicho. Nikawapa bastola ya milimita 9 ya kimo cha kawaida, nzito kidogo, na siku hiyo hiyo wakatoboa karatasi katikati. Nenda kwenye uwanja unaokodisha silaha, jaribu 3 au 4, piga risasi 50 kwa kila moja kabla ya kununua. Kama viganja vinauma na slaidi, kile chuma cha juu cha bastola kinachovutwa nyuma, haivutiki, rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ni rafiki wa wazee kwa sababu haina slaidi ya kuvuta, japo triga yake ni nzito na inabeba risasi 5 au 6 tu. Risasi za kuweka nyumbani ziwe zile zenye ncha yenye tundu, ambazo hupanuka zikiingia mwilini na hivyo hazitoki upande wa pili kwa urahisi. Jipsamu bado zitapita. Msisahau hilo.

Na tochi nunua ya kushika mkononi. Watakuuzia ya kufunga chini ya mtutu. Fikiria: saa tisa usiku kuna nyayo ukumbini. Ukitumia tochi iliyo kwenye bastola, ili umwone aliyepo lazima umwelekezee mtutu. Na mara nyingi aliyepo ni mwanao anakwenda kunywa maji.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza kuwa na silaha niliiweka juu ya kabati la nguo. Nilikuwa nimechomoa magazini, kile kibebeo cha risasi, nikaiweka kwenye droo, nikajiona mtu makini. Jumamosi moja mchana niko jikoni nakaanga samaki, nikasikia kiti kinaburuzwa chumbani. Sauti ya kiti tu. Nikaendelea kugeuza samaki. Kisha kukawa kimya, na nyie wenye watoto mnajua kimya cha mtoto wa miaka 4. Nilimkuta amesimama juu ya kiti, bastola kaishika kwa mikono miwili, mdomo wa mtutu umetazama kidevu chake. Akaniuliza, "Baba, hii inafungukaje?" Nikaishika mtutu nikaugeuzia ukutani, nikamtoa vidole kimoja kimoja. Nikavuta slaidi ili nimwonyeshe mke wangu kwamba ilikuwa tupu. Risasi ikaruka ikaanguka kwenye zulia.

Magazini ilikuwa kwenye droo, lakini risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kuchomoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia. Nilikuwa nimeishi miezi 7 na bastola yenye risasi juu ya kabati nikiamini ni chuma kitupu.

Ndiyo maana nawaambia mnunue kasha kabla ya bastola. Kasha la chuma, la namba au la alama ya kidole, lililofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda au sakafuni. Mtu aliyefanya mazoezi hulifungua gizani kwa sekunde chache. Juu ya kabati si mafichoni, wala chini ya godoro, wala kwenye mkoba wa mama. Watoto wetu wanajua tunakoficha sukari, itakuwa hiyo? Sheria ya Texas nayo iko wazi. Mtoto aliye chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi kwa sababu hukuilinda, ni kosa, na akiifyatua akamuua au kumjeruhi vibaya mtu, au yeye mwenyewe, unaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kutozwa faini hadi dola 4,000.

Na kuna jambo ambalo kwetu hatulisemi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto Marekani. Kati yao 26,328 walijiua. Zaidi ya nusu! Sisi tunanunua silaha kwa kumwogopa mwizi, na humu ndani kuna watu wasiolala usiku kwa waliyoyaona Kivu na Burundi. Kuna baba aliyefukuzwa kazi jana. Kuna kijana aliyekatiwa matumaini na hajamwambia mtu. Mtu huyo akiwa na silaha karibu, dakika 10 za giza zinatosha, na mara chache sana anayejipiga risasi hupona. Kama nyumbani kwako yupo mtu wa hali hiyo, au ni wewe mwenyewe, jibu langu la "ipi" ni hakuna, kwa sasa. Kama mnayo tayari, mpelekee ndugu anayeruhusiwa kisheria akuwekee. Namba ya simu ya 988, ya kuwasaidia wenye mawazo ya kujiua, inapokea usiku na mchana. Na mimi napokea.

Sasa sheria, na hapa wale wenye karatasi ambazo hazijakamilika wanisikilize vizuri.

Raia, mwenye grini kadi, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi, hawa sheria ya shirikisho haiwazuii kwa sababu ya hadhi yao ya uhamiaji. Aliye hapa kwa viza ya masomo, ya kazi au ya matembezi amezuiwa, isipokuwa kwa vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya kuwinda. Asiye na kibali cha kuwepo nchini amezuiwa kabisa. Kumiliki maana yake si kununua tu. Kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2019, ya kijana aliyetoka Falme za Kiarabu kuja kusoma Florida, jina lake Rehaif. Alifukuzwa chuo kwa kufeli, viza ikakosa nguvu, akaenda uwanjani kujaribu shabaha. Kushika bastola pale uwanjani ndiko kulikomfikisha mahakamani. Mahakama ilisema lazima serikali ithibitishe kwamba mtu alijua hadhi yake, lakini kijana alikuwa amekwisha kuonja jela. Kama kesi yako ya hifadhi bado inasubiri, usiguse silaha kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Na hata mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini.

Dukani utajazishwa fomu namba 4473. Inauliza kama uliwahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wako, kama unatumia bangi, kama silaha ni yako kweli. Kusema uongo hapo ni jinai. Hilo la mwisho linatuhusu sana sisi, maana tumelelewa kusaidiana. Shemeji anakuja na pesa yake: "Wewe una karatasi, nichukulie moja." Tangu 2022 kumnunulia mtu mwingine kwa mtindo huo, naye hastahili kuwa nayo, kunaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 15. Mkatalie shemeji. Atanuna, atapoa.

Nije kwenye usiku wenyewe.

Kule nyumbani mwizi akiingia unapiga yowe, na kijiji kinatoka na mapanga na marungu. Sungusungu wanakuwa wamefika kabla hujapata pumzi. Silaha yetu ilikuwa jirani. Hapa ukipiga yowe, jirani anafunga dirisha na kupiga 911, na anayekuja ni polisi asiyekujua, anayekuona mtu Mweusi mwenye bastola gizani. Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu lilitokea mji huu huu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 2019, Atatiana Jefferson, binti wa miaka 28, alikuwa akicheza michezo ya video na mpwa wake wa miaka 8. Jirani aliona milango imeachwa wazi, akapiga simu isiyo ya dharura kuomba polisi wapite kuangalia. Saa nane na dakika kama 25 usiku Atatiana akasikia vishindo uani. Akachukua bastola yake aliyoimiliki kihalali, akaenda dirishani kutazama. Aliyekuwa uani ni polisi, na hakujitambulisha. Akampiga risasi kupitia kioo, mtoto akiwa chumba kile kile. Askari yule, Aaron Dean, alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia Desemba 2022 na kuhukumiwa karibu miaka 12. Atatiana hakukosea kitu. Alikuwa nyumbani kwake, na haki yake yote anayo.

Nikimfikiria yeye, nawaomba: msiende dirishani. Msizunguke nyumba mkiwinda. Kusanya watoto chumba kimoja, kile ulichokichora, funga mlango, kaa pembeni ya kitanda, piga 911, useme uko wapi na una silaha. Kiingereza kikikugomea, taja "Swahili" na usikate simu, wakutafutie mkalimani. Mtutu uelekee mlangoni, kidole nje ya triga. Polisi wakifika, bastola iwe chini, mikono ionekane.

Na sisi ni watu wa hodi. Jamaa anatoka Houston anafika saa saba usiku bila kupiga simu, kwa sababu nyumba ya ndugu ni nyumba yake. Aprili 2023 kule Kansas City, Ralph Yarl, kijana wa miaka 16 wa familia yenye asili ya Liberia, alitumwa kuwachukua wadogo zake akakosea mtaa, akabonyeza kengele ya nyumba ambayo siyo. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi kichwani. Kijana alipona, Mungu mkubwa. Sheria ya Texas inamlinda sana mwenye nyumba ambaye mtu ameingia kwake kwa nguvu. Anayebisha hodi hajaingia kwa nguvu. Anayekimbia na televisheni yako ameshaondoka. Basi tuanze desturi mpya kati yetu: anayekuja usiku apige simu kwanza, na mtoto wako mkubwa anayerudi kutoka zamu ya usiku awe na neno lake la kujitambulisha.

Nimemaliza, ila kuna boksi mbili pale mlangoni, karibu na chai. Moja ina kufuli za waya za kufunga silaha, ni za bure, vituo vingi vya polisi huzigawa. Nyingine ina skrubu za inchi 3. Kile kibati cha mlangoni kinachopokea ulimi wa kitasa, kwenye nyumba nyingi za hapa kimeshikwa na vijiskrubu vifupi visivyofika hata kwenye nguzo, ndiyo maana teke moja linatosha. Hizi ndefu zinafika kwenye mbao. Anayepanga amwombe ruhusa mwenye nyumba. Ile familia iliyovunjiwa, mlango wao tulikwenda kuubadilisha Jumanne, dakika 20 tu. Kesho asubuhi nina gari, nina drili, na nafasi ya nyumba 6. Mama uliyeniuliza mwanzo kuhusu ile ya pinki, nimekuandika wa kwanza.